Msimwache Sista Mpya Peke Yake

Nianze na hesabu ya leba, kwa sababu wengi wanaozungumzia mishahara ya wauguzi hawajawahi kuipiga.

Mama akishaingia wadi ya kujifungulia na uchungu umeshika kasi, tunamfungulia patografu, ile karatasi ya mistari inayoonyesha safari ya uzazi inakwendaje. Kila nusu saa unamsikiliza mtoto tumboni kwa dakika nzima. Nusu saa hiyo hiyo unaweka kiganja juu ya tumbo la mama, unahesabu uchungu unaokuja ndani ya dakika 10 na kila mmoja unadumu kwa muda gani. Kisha unamshika mkono, unahesabu mapigo yake, dakika nyingine. Hizo ni dakika 12 kwa mama mmoja, na bado hujaandika kitu. Kila saa nne kuna presha, joto na kuangalia njia imefunguka kiasi gani. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilileta fomu mpya ya kufuatilia uchungu, lakini kiganja juu ya tumbo kilibaki pale pale. Dakika 10 ni dakika 10.

Sasa wawe kina mama watano. Dakika 12 mara tano ni saa nzima, nawe una nusu saa. Na hapo sijasema kwamba mmoja wao amefika wakati wa kusukuma, mwingine dripu yake imeziba, na mama mkwe amesimama mlangoni tangu alasiri anauliza, "Vipi, sista, mbona kimya?" Kazi hii, ukiifanya kama kitabu kinavyotaka, haimtoshi mtu mmoja. Haiwezekani. Na usiku mwingi katika hospitali zetu za umma, mtu anayeifanya ni mmoja au wawili, na mmoja wao ni msichana au mvulana aliyepata leseni juzi.

Mimi ni muuguzi na mkunga. Nimefanya kazi hospitali za umma hapa Mombasa kwa miaka mingi, sehemu kubwa ikiwa leba, na hospitali nilizopitia sitazitaja kwa majina kwa kuwa ninayoyasema yako kila mahali, kuanzia Likoni hadi Kisauni. Nimewapokea vijana wengi katika wiki yao ya kwanza kazini. Nimewaona wakiwa wakunga hodari, wengine bora kuliko mimi. Nimewaona pia wakiondoka. Nikiwauliza kwa nini, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba kazi haipendi. Wananiambia habari za pesa na habari za kuachwa peke yao, na kwa kawaida wanayasema yote mawili katika pumzi moja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoyatenganisha, hawa wakidai nyongeza tu na wale wakiandaa semina tu. Kwa muuguzi anayeanza, mshahara na mtu wa kumshika mkono ni haja moja.

Tufuate njia ya binti mmoja. Jina lake nitaliacha, lakini wauguzi wakisoma watamwona, maana wako mamia. Anakaa Likoni, Shika Adabu, kwa mama yake anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Alifanya vizuri kidato cha nne akapata nafasi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kile kilicho jirani na Hospitali Kuu ya Pwani. Diploma ni miaka mitatu. Karo ilitoka kwa chama cha mama, kwa mjomba aliyeko bandarini na kwa mkopo wa serikali wa wanafunzi. Akamaliza, akakaa mtihani wa Baraza la Wauguzi, akapasi, akalipia usajili, akalipia leseni. Siku alipoipata leseni mama yake alipika pilau, majirani wakaja kumpongeza, na kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukawa unamwita sista.

Kisha akakaa nyumbani.

Zamani haikuwa hivi. Wakubwa zangu kazini walinisimulia kwamba aliyemaliza mafunzo ya serikali alikuwa anapangiwa kituo moja kwa moja. Unamaliza mtihani, unapewa barua, unapanda basi. Sisi tulioingia baadaye tulikuta mlango umebaki upenyo tu. Leo mlango unafunguliwa kwa msimu, na ukifunguliwa ni nafasi chache zinazogombewa na watu wengi sana. Katika ripoti yake ya mwaka 2025 kuhusu uuguzi, Shirika la Afya Duniani linasema dunia ina wauguzi milioni 29.8 na bado inapungukiwa na milioni 5.8, na sehemu kubwa ya upungufu huo iko Afrika na nchi nyingine maskini. Nikisoma takwimu hiyo namuona yule binti wa Shika Adabu ameketi barazani na leseni yake ndani ya bahasha ya kaki. Hospitali iliyo karibu naye inapungukiwa na watu, naye yuko tayari kwenda kesho. Kinachokosekana hapo katikati ni mstari mmoja tu katika bajeti ya mishahara.

Kwa hiyo anafanya wanachofanya wote. Anaandika barua ya kuomba kujitolea.

Jambo hili limezoeleka mno hata hatulioni tena. Anajitolea kwa sababu akikaa nyumbani mikono itasahau. Anajitolea kwa sababu tangazo la kazi likitoka litadai uzoefu. Na hospitali inampokea kwa mikono miwili kwa sababu inamhitaji kwelikweli. Barua ya kumkubali huwa na sentensi moja isiyokosekana, kwamba hatadai malipo yoyote. Anapewa zamu kama sisi. Anavaa sare aliyoishona kwa pesa zake. Anavuka feri alfajiri. Feri kwa anayekwenda kwa miguu ni bure, lakini matatu ya upande wa pili si bure, na chakula cha mchana si bure. Wiki ya kwanza anakuwa wa ziada. Wiki ya tatu yumo kwenye rota. Mwezi wa pili ukiangalia rota ya usiku unakuta jina lake na la muuguzi mmoja tu aliyeajiriwa. Hapo neno kujitolea limeshapoteza maana. Hospitali inaendeshwa na mtu ambaye haimlipi.

Kuna siku alidungwa na sindano. Mgonjwa aliruka wakati anamwekea kanula, ncha ikamchoma kidole ndani ya glavu. Alikuja kwangu ameushika mkono wake kama si wake. "Mama, nimedungwa." Tulifanya yanayotakiwa. Tuliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, tukapima damu yake na ya mgonjwa, na dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI akaanza siku hiyo hiyo, maana zinatakiwa ndani ya saa 72 na kila saa unayochelewa inakugharimu. Dawa alipata bila malipo, alhamdulillahi, akameza kwa siku 28, kichefuchefu na yote. Nilipomuuliza kuhusu chanjo ya homa ya ini alisema alipata sindano mbili kati ya tatu alipokuwa mwanafunzi, ya tatu hakuipata. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu zuri la kumpa. Je, akiugua, nani atamtazama?

Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, inamtambua mtu aliyeajiriwa kwa ujira. Yeye hana ujira. Bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na asiye na mshahara anatakiwa ajilipie mwenyewe mchango wa mwaka kwa mkupuo. Yeye alikuwa hajalipa. Kutwa nzima anawaandikisha kina mama kwenye bima ile, naye mwenyewe hayumo.

Mswahili anasema mkono mtupu haulambwi. Wakubwa wa afya wanapotuambia uuguzi ni wito, mimi nakubali kabisa kwamba ni wito, na aliyeitwa alipwe. Mwaka wa kwanza wa kazi uwe na mshahara. Kama ni mafunzo ya vitendo, yawe na posho inayojulikana na tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Wenye digrii wana mwaka mmoja wa mafunzo kazini uliowekwa na utaratibu, na hata wao wamepata taabu ya kungoja kupangiwa na kungoja kulipwa. Madaktari walipogoma kuanzia Machi 2024 kwa siku 56, kiini cha ugomvi kilikuwa malipo ya wale wanaoanza, ambayo serikali ilitaka kuyateremsha hadi shilingi 70,000. Sitaki kuwapambanisha madaktari na wauguzi. Ninachosema ni kwamba walau wao wana mwaka unaohesabika na unaweza kugombaniwa. Mwenye diploma ya uuguzi anayejitolea hana hata cha kugombania, maana kwenye karatasi za mshahara hayupo.

Akibahatika, baada ya kujitolea huja mkataba. Mikataba hii nayo ina historia yake. Mwaka 2009 serikali ilileta mpango wa kufufua uchumi, na ndani yake wakaajiriwa wauguzi 20 kwa kila jimbo la bunge, kwa mkataba. Mwaka 2013 huduma za afya zikaingia mikononi mwa kaunti kama Katiba ya 2010 ilivyoagiza, na baadhi ya wenzetu wakawa hawajui waajiri wao ni Nairobi au ni hapa. Mwaka 2020, korona ilipotukaba, wakaajiriwa maelfu wengine nchini kwa mpango wa afya kwa wote, kwa mkataba wa miaka mitatu na malipo ya chini kuliko wenzao wanaofanya kazi ile ile katika wadi ile ile. Miaka ikaongezwa. Mwaka 2025 walikuwa bado wanapiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya kule Nairobi, kudai waajiriwe rasmi. Mtu aliyeingia kazini na umri wa miaka 24, akiwa na nguvu zake zote, amefika 29 bado hawezi kukopa sako, bado hajapanda daraja hata moja. Hiyo ndiyo miaka ambayo tulipaswa kumjenga.

Na aliyeajiriwa rasmi? Hati yake ya mshahara unaiona ndefu kweli, lakini isome mstari kwa mstari. Kuna mshahara wa msingi, kuna nyumba, kuna nauli, kuna posho ya huduma ya uuguzi ambayo tuliipata kwa jasho. Mgomo wa mwaka 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba, miezi mitano, na wagonjwa waliumia, na sisi tuliumia, na sitamani kuuona mwingine kama ule. Kuna posho ya hatari. Kwa miaka mingi posho hii imekuwa shilingi 3,850 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei iliyowekwa kwa damu, mate, kikohozi cha kifua kikuu na sindano kama ile iliyomchoma yule binti. Halafu upande wa pili wa hati kuna makato: kodi, pensheni, bima, asilimia 1.5 ya nyumba, mkopo wa masomo, chama cha wafanyakazi. Mwenye daraja H, ambalo ndilo daraja la kuanzia la mwenye diploma, akishakatwa hayo yote anabaki na kiasi ambacho kodi ya chumba na choo ndani kule Mshomoroni inakitafuna mapema.

Lakini nikiulizwa ni kitu gani cha mshahara kinachowafukuza vijana, sitataja kiasi kwanza. Nitataja tarehe. Mshahara mdogo unaofika tarehe moja kila mwezi unaweza kuupangia. Mshahara unaofika ukitaka, leo tarehe 5, mwezi ujao tarehe 19, mwingine usipofika kabisa hadi ufike pamoja na wa mwezi unaofuata, huo unamvuruga mtu akili. Sako inatoza faini. Mwenye nyumba anafunga mlango kwa kufuli lake. Kijana anachukua mkopo wa simu kulipa mkopo wa simu. Nimewahi kumkuta muuguzi katika chumba cha dawa saa tisa usiku anafanya hesabu ya madeni nyuma ya karatasi ya ripoti, na nje kuna wagonjwa wanaotakiwa kupewa sindano na mtu huyo huyo mwenye hesabu hiyo kichwani. Ndipo wanapoingia kwenye lokamu. Anatoka zamu ya usiku kwetu, anaoga, anaingia zamu ya mchana kliniki ya binafsi Bamburi au Mtwapa, anarudi kwetu usiku. Wanaolaumu vijana kwa kusinzia kazini waulize kwanza jana walilala wapi.

Sasa nije kwenye kushikwa mkono, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Chuo kinafundisha vizuri. Nalisema hili kwa sababu kuna tabia ya kuwadharau wanaotoka chuoni siku hizi, na si haki. Wanajua dawa, wanajua vipimo, wanaweza kukutajia hatua zote za kumhudumia mzazi anayetokwa na damu. Lakini kuna ujuzi ambao haumo kinywani, umo mikononi, na unapatikana mahali pamoja tu: ubavuni mwa aliyeutangulia.

Chukua damu baada ya kujifungua. Mtoto ametoka, sindano ya oksitosini ya yuniti 10 umeichoma ndani ya dakika ya kwanza, kondo la nyuma limetoka, kila mtu anavuta pumzi. Kisha damu. Kitabu kinasema ikizidi mililita 500 ni hatari, lakini iliyoingia kwenye shuka na ile iliyo sakafuni haina alama za mililita. Kijana anaiangalia, anasubiri kuona kama itapungua. Mkunga mzoefu hasubiri. Mkono wake umeshafika kwenye tumbo kabla hajatamka neno, na akikuta kizazi kimelegea kama unga uliozidi maji, anaanza kusugua papo hapo. "Lete trei. Kanula ya pili, kubwa. Dripu ya oksitosini. Kibofu kimejaa, weka katheta. Nani anapiga simu kwa daktari?" Dawa ya kusaidia damu isiendelee kutoka, gramu moja mshipani, taratibu, ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Yote haya yanaenda pamoja, kwa mikono ya watu watatu au wanne, na kila mmoja anajua nafasi yake.

Nilipokuwa na yule binti usiku wa namna hiyo kwa mara ya kwanza, niliuchukua mkono wake nikauweka chini ya wangu. "Bonyeza. Hapana, ndani zaidi, mwanangu, usimwonee huruma sasa hivi. Unakisikia? Hicho ni kizazi kilicholegea. Sugua." Tukasugua pamoja. "Sasa?" Akasema, "Kinakaza." Alikisikia mwenyewe kikiwa kigumu chini ya vidole vyake. Mama yule alitoka salama na mtoto wake. Na binti tangu siku ile, mtu akijifungua, mkono wake unatangulia kwenye tumbo. Kumfundisha kulichukua dakika chache tu. Kilichohitajika ni mimi kuwepo. Usiku huo tulikuwa watatu kwenye rota. Tungekuwa wawili, ningekuwa chumba kingine.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi. Mama akifariki, kunaitishwa kikao cha kuchunguza kifo, na ni jambo jema, mwongozo wenyewe unasema kikao si cha kutafuta wa kulaumiwa. Lakini faili linafunguliwa, na sahihi zilizomo ni za mtu aliyekuwa zamu. Kijana wa miezi mitatu kazini anasimama mbele ya wakubwa kueleza kwa nini patografu ina pengo kuanzia saa nane hadi saa kumi. Hesabu ile niliyoanza nayo hakuna anayeifanya pale. Akitoka humo anarudi wadini kumalizia zamu. Hakuna anayemwambia kaa chini, kunywa chai, tuzungumze. Hakuna mshauri nasaha, hakuna siku ya kupumzika. Nimewaona wakilia ndani ya stoo ya shuka. Wengi wa walioondoka, uamuzi wa kuondoka waliufanya wiki kama hizo, hata kama barua waliiandika mwaka mmoja baadaye.

Wanakwenda wapi? Saudia, Ujerumani, Uingereza. Kenya na Uingereza zilitiliana sahihi makubaliano ya kupeleka wauguzi Julai 2021. Mwenzangu mmoja aliyekwenda huwa ananitumia ujumbe wa sauti anapotoka kazini. Siku za mwanzo nilidhani atanieleza mshahara. Alinieleza kwamba wiki zake za kwanza hakuhesabiwa kwenye rota. Alikuwa mtu wa ziada, pembeni yake kuna muuguzi aliyepewa kazi ya kumlea na muda wa kuifanya. Kule, muuguzi aliyesajiliwa karibuni huwa na kipindi cha malezi ya kikazi, na mwaka 2022 huduma ya afya ya umma ya England ilitoa mwongozo wa taifa kuhusu jambo hilo ili kila hospitali isijifanyie inavyotaka. Alinisimulia kwa sauti iliyojaa mshangao, "Dada, kuna mtu analipwa kunisikiliza nikiuliza."

Nisimsifie jirani kupita kiasi. Desemba ya mwaka huo huo wa 2022 wauguzi wa Uingereza waliingia kwenye mgomo ambao ulikuwa mkubwa zaidi katika historia ya chama chao, kilichoanzishwa 1916, na walichokuwa wakidai ni mshahara unaoendana na maisha. Kwa hiyo hata walio na malezi mazuri hawakubali kulelewa na njaa. Hilo linanithibitishia ninachokisema: ukitoa moja ukaacha la pili, watu wataondoka tu, au watabaki na mioyo imeshaondoka.

Najua jibu la wenye bajeti. Pesa hazipo, na mishahara tayari inakula sehemu kubwa ya fedha za kaunti. Nawaelewa, na najua pia kwamba pesa za Nairobi huchelewa kufika. Lakini kuna gharama tunayoilipa bila kuiandika popote. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za Pennsylvania, Marekani, wakaonyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi anaongeza uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 kwa asilimia 7. Mgonjwa mmoja tu. Hapa kwetu tunaongeza kumi kwa kalamu moja ya rota. California waliona heri waweke sheria. Walipitisha mwaka 1999 na tangu 2004 hospitali hazina ruhusa ya kumpa muuguzi wagonjwa kupita idadi iliyopangwa kwa kila aina ya wadi. Mimi sitegemei sheria ya namna hiyo Mombasa mwaka kesho. Nataka tu tukubaliane kwamba upungufu wa wauguzi una bei, na anayeilipa kwa sasa ni mama aliye kitandani.

Mambo mengine hata hayahitaji pesa nyingi. Kumpangia mwenye leseni mpya zamu za mchana tu kwa miezi mitatu ya mwanzo ni kazi ya kalamu ya sista inchaji. Kumwandikia mlezi wake kwa jina, mtu mmoja anayejulikana, ni karatasi moja. Ila mlezi huyo apewe chochote, posho ndogo au siku za mapumziko, na apunguziwe wagonjwa siku anazofundisha, maana sasa hivi anayefundisha vizuri anaadhibiwa: kazi yake inakuwa mbili na malipo yanabaki yale yale. Nimewaona wakunga hodari wakikwepa wanafunzi kwa sababu hiyo tu, na siwalaumu. Chanjo ya homa ya ini kabla mtu hajagusa sindano, hilo nalo si la kujadili. Baada ya kifo, mtu wa kuzungumza na waliokuwa zamu, siku hiyo hiyo.

Yanayohitaji pesa ni matatu na siwezi kuyapunguza. Mishahara ifike kwa tarehe. Anayefanya kazi alipwe kuanzia siku aliyoripoti, asijitolee hata mmoja aliye kwenye rota. Na miaka ya mkataba ihesabiwe anapoajiriwa rasmi, katika daraja na katika pensheni.

Yule binti alipata mkataba hatimaye, katika kaunti nyingine. Ananipigia simu mara kwa mara, na juzi alinieleza kwamba naye sasa amepewa mwanafunzi wa kumwangalia. Nilimuuliza wako wangapi usiku. Akasema wawili, yeye na mwanafunzi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Katikati hapo kuna vikao vya kuchukua maoni ya wananchi, vile ambavyo huja wazee wachache, vijana wawili watatu na wafanyabiashara wa soko. Wauguzi hatuendi kwa sababu tuko zamu au tumelala baada ya zamu. Safari hii nimeomba ofu siku hiyo, na wenzangu kadhaa wameomba. Ombi letu litakuwa kwamba idara ya afya iandike katika makadirio yake idadi ya wauguzi wanaofanya kazi bila malipo katika kila hospitali ya umma ya Mombasa, kwa majina ya hospitali, na mbele ya kila idadi iwekwe gharama ya kuwalipa kwa mwaka mmoja. Mnaojitolea, au mliojitolea, nahitaji barua zenu zenye tarehe na mhuri, pamoja na nakala za rota zinazoonyesha mlipangiwa zamu. Zikusanyeni kwa wawakilishi wenu wa chama wadini kabla ya mwisho wa Machi.